Rekodi ya Katalogi na Kitabu cha Kiswahili Shuleni: Mtazamo wa Kihistoria



Mihadhara hii imezoea kushughulikia ushairi, riwaya na isimu, na huenda baadhi yenu mlipoliona neno "katalogi" katika tangazo mlidhani mmekosea ukumbi. Naomba mnivumilie. Kitu nitakachokizungumzia ni kidogo kwa umbo: kadi yenye upana wa sentimita 12.5 na kimo cha sentimita 7.5, iliyotobolewa tundu chini ili ipitishwe ufito wa droo; na baada ya kadi hiyo, mrithi wake, yaani rekodi ya kompyuta. Katika kadi hiyo huandikwa jina la mtunzi, jina la kitabu, mahali na mwaka wa kuchapishwa, mada yake, na namba ya rafu kinakokaa. Mwanafunzi wa sekondari anayetafuta diwani au tamthilia hukutana na maandishi hayo kabla hajakutana na kitabu chenyewe. Yakiwa sahihi, hayaoni. Yakiwa na kasoro, kitabu hupotea kikiwa kimesimama mbele yake.

Dai langu ni hili. Tangu mwaka 1901, kazi ya kuorodhesha vitabu imekuwa ikifanywa mara moja, mahali pamoja, kisha matunda yake kugawiwa kwa maktaba nyingi. Mpango huo umezipunguzia shule za dunia mzigo mkubwa. Lakini kwa kitabu cha Kiswahili, shule ya Afrika Mashariki imebaki na njia mbili tu: ama ijiandikie rekodi bila msaada, ama ipokee rekodi iliyotengenezwa mbali kwa ajili ya msomaji mwingine. Kila njia ina gharama yake, na sehemu kubwa ya gharama hiyo ni ya lugha. Ndiyo maana nimeileta habari hii katika idara ya Kiswahili, wala sikuipeleka kwa wakutubi peke yao.

Tuanze na chanzo. Hapo awali kila maktaba ilijiandikia orodha yake, hata kama kitabu kile kile kilikuwa kimekwisha orodheshwa katika maktaba mia nyingine. Mapema katika miaka ya 1850, Charles Coffin Jewett, mkutubi wa Taasisi ya Smithsonian mjini Washington, alipendekeza kila kitabu kitengenezewe bamba la chapa litakalotunzwa mahali pamoja, na maktaba yoyote ikitaka kuchapisha orodha yake ipange mabamba ya vitabu ilivyo navyo. Wazo lilikuwa jema, mabamba yakapinda. Fauka ya hayo, Jewett aligombana na mkuu wake na akaachishwa kazi mwaka 1854. Ilibidi ingojwe karibu nusu karne.

Katika muda huo wa kungoja yalitokea mambo mawili ambayo bado yanatutawala. Mwaka 1876 Melvil Dewey alichapisha, bila kutaja jina lake, kijitabu cha kurasa 44 kilichogawa elimu yote katika mafungu kumi, na kila fungu katika kumi nyingine. Mwaka huo huo Charles Cutter alitoa kanuni zake za katalogi iliyopangwa kama kamusi, ambamo mtunzi, jina la kitabu na mada huwekwa pamoja kwa mfuatano wa alfabeti. Nitawarudia mabwana hawa wawili, kwa sababu wote walikuwa na lugha fulani kichwani walipofanya kazi yao, na lugha hiyo haikuwa yetu.

Herbert Putnam alipokuwa mkuu wa Maktaba ya Bunge la Marekani, maktaba hiyo ilianza, mwishoni mwa mwaka 1901, kuuzia maktaba nyingine nakala za kadi ilizojichapishia. Nakala ya kwanza iliuzwa kwa senti mbili za Marekani, na kila nakala ya ziada kwa nusu senti. Mtu aliyewahi kuandaa kadi kwa mkono ataelewa mara moja uzito wa jambo hili. Kitabu kimoja hakitoshelezwi na kadi moja. Kinahitaji kadi ya mtunzi, kadi ya jina la kitabu, kadi moja kwa kila mada, na nyingine ya kukaa katika droo ya mkutubi kwa mpangilio wa rafu. Kosa la herufi moja linaweza kunakiliwa mara tano. Kununua seti iliyokwisha chapishwa kulimwachia mkutubi kazi ya kuongeza namba na kichwa cha juu tu.

Shule hazikunufaika sawasawa na maktaba kubwa. Kadi za Washington ziliandikwa kwa ajili ya mtafiti. Zilikuwa na maelezo mengi na mada zenye majina mazito. Mwaka 1923 Minnie Earl Sears alitoa orodha fupi ya vichwa vya mada kwa ajili ya maktaba ndogo, na mwaka 1938 kampuni ya H. W. Wilson ikaanza kuuza kadi zilizotumia vichwa hivyo pamoja na namba za Dewey zilizofupishwa. Maktaba ya Bunge nayo ilikubali hatimaye kwamba mtoto si mtafiti mdogo: kuanzia mwaka 1965 ilizipa rekodi za vitabu vya watoto muhtasari wa sentensi chache na mada zilizorahisishwa. Naomba tuikumbuke hatua hii. Mtoto wa Marekani anayesoma Kiingereza alipewa rekodi iliyoandikwa kwa maneno yake.

Habari ya kompyuta nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa inajulikana zaidi. Henriette Avram na wenzake walibuni muundo uitwao MARC, ambao hugawa rekodi katika vipande vyenye namba ili mashine ijue lipi ni jina la mtunzi na lipi ni jina la kitabu. Majaribio yalianza mwaka 1966 katika maktaba 16, na muundo uliokamilika ukatolewa mwaka 1968. Mwaka 1971 vyuo vya jimbo la Ohio vilianza kushirikiana katika hazina moja ya rekodi, ambayo baadaye ilikua ikawa OCLC, na mwaka huo huo wachapishaji wa Marekani wakaanza kuchapisha rekodi ndani ya kitabu chenyewe, nyuma ya ukurasa wa jina. Maktaba ya Bunge iliacha kuuza kadi mwaka 1997. OCLC ilichapisha kadi zake za mwisho tarehe 1 Oktoba 2015. Siku hizi muuza vitabu anayehudumia shule za huko hufikisha kitabu kikiwa na lebo mgongoni, na rekodi yake ikiwa tayari kuingizwa katika kompyuta ya shule.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1948 iliundwa Idara ya Vitabu ya Afrika Mashariki, iliyojulikana kwa Kiingereza kama East African Literature Bureau, makao yake yakiwa Nairobi. Wanafasihi tunaikumbuka kwa vitabu ilivyochapisha, lakini idara hiyo ilikuwa pia na huduma ya maktaba: ilipeleka masanduku ya vitabu katika vituo vya mbali na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta. Maktaba za taifa zilikuja baada ya uhuru. Tanganyika ilitunga sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Kenya ilitunga sheria yake mwaka 1965. Mafunzo ya ukutubi yalikwisha anza Makerere mwaka 1963, na Tanzania ikapata chuo chake Bagamoyo mwaka 1989.

Wakutubi hao wa kwanza walifundishwa kwa Kiingereza, kwa kanuni za Kiingereza na Kimarekani, na maktaba walizozikuta zilijaa vitabu vya Kiingereza. Hilo halikuwa kosa lao. Tanzania ilipokifanya Kiswahili lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi, kufuatia siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, sekondari zilibaki na Kiingereza. Na sekondari ndizo zilizokuwa na maktaba. Rafu zao zilijazwa aghalabu na misaada kutoka ng'ambo. Kitabu cha msaada kilichochapishwa London kilikuja na rekodi yake, au rekodi hiyo ilipatikana kwa urahisi. Riwaya iliyochapishwa Dar es Salaam ilikuja mikono mitupu. Mwalimu aliyepewa maktaba juu ya vipindi vyake vya kawaida alifanya lile ambalo mtu yeyote mwenye akili angelifanya: aliorodhesha kwanza kilicho rahisi, na vya Kiswahili akavipanga pamoja katika rafu moja iliyoandikwa "KISWAHILI". Rafu ya namna hiyo nimeiona katika shule kadhaa, na sithubutu kuicheka. Ndani yake ushairi, sarufi, kilimo na hadithi za watoto huishi kama abiria wa basi moja.

Kulikuwa na mkono mwingine ulioandika rekodi za vitabu vyetu. Mwaka 1966 Maktaba ya Bunge la Marekani ilifungua ofisi Nairobi, na kuanzia Januari 1968 ofisi hiyo ilitoa orodha ya machapisho yaliyonunuliwa katika Afrika ya mashariki. Kitabu kilichopigwa chapa Dar es Salaam kilinunuliwa, kikaelezwa kwa uangalifu, na nakala yake ikasafirishwa hadi Washington. Tuwe waadilifu: yako machapisho ya Kiswahili ambayo yasingelikuwa na rekodi kamili popote duniani pasipo kazi hiyo. Tanzania nayo ilianza kutoa bibliografia ya taifa kwa machapisho ya mwaka 1969, lakini bibliografia iliyochapishwa katika kitabu haikuwa seti ya kadi. Mwalimu wa shule alipaswa kuinakili kwa taipureta, iwapo nakala ilimfikia na iwapo taipureta ilikuwapo.

Matokeo yake leo yanashangaza kidogo. Shule ya Morogoro yenye kompyuta na programu ya maktaba ya Koha, ambayo ilizaliwa New Zealand na hutolewa bila malipo, huingiza ISBN ya riwaya iliyochapishwa Dar es Salaam, umbali wa saa chache kwa basi. Programu huuliza Washington. Baada ya sekunde kadhaa rekodi inarudi, ikiwa imezunguka dunia, na ndani yake imeandikwa kwamba lugha ya kitabu ni "swa" na mada yake imetajwa kwa Kiingereza. Mwalimu anabonyeza kitufe cha kuhifadhi. Kitabu kimeorodheshwa. Je, kimeorodheshwa kwa ajili ya nani?

Nitajibu kwa kuichambua rekodi yenyewe, nikianza na jina la mtunzi.

Kanuni za Kiingereza hudhani kwamba kila mtu wa leo ana jina la ukoo na kwamba jina hilo ni la mwisho. Shaaban Robert anageuzwa kuwa "Robert, Shaaban". Robert ni jina la baba yake, na sisi tunapomtaja hatusemi "Robert" peke yake hata siku moja. Akitajwa kwa jina moja, husemwa Shaaban. Katika shule ambako lebo ya mgongoni hubeba herufi tatu za kwanza, vitabu vyake hukaa chini ya ROB mahali pamoja na chini ya SHA mahali pengine, na wakati mwingine katika maktaba hiyo hiyo moja, kwa kutegemea mwalimu aliyekuwapo mwaka ule. Adam Shafi ni mfano mgumu zaidi. Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) na Kuli (1979) zilitoka kwa jina la Adam Shafi Adam. Vuta N'kuvute (1999) na Haini (2003) zilitoka kwa jina la Adam Shafi. Anayefuata kanuni bila kufikiri atamweka mtunzi mmoja chini ya ADA na chini ya SHA, na mwanafunzi aliyesoma Kuli hatajua kwamba riwaya nyingine za mwandishi huyo ziko upande wa pili wa chumba. Kwa watunzi wa kale mambo ni mepesi, kwa kuwa hata kanuni za kigeni zinakubali kwamba Muyaka bin Haji na Mwana Kupona binti Msham waingizwe kwa majina yao wenyewe.

Hapa kuna jambo la kihistoria ambalo halijapewa uzito unaostahili. Mkutano wa kimataifa wa kanuni za katalogi uliofanyika Paris mwaka 1961 ulikubaliana kwamba, jina la mtunzi likiwa na maneno kadhaa, neno la kuingizia liamuliwe kadiri iwezekanavyo kwa desturi iliyokubaliwa katika nchi ambayo mtunzi ni raia wake. Mlango uliachwa wazi. Kilichohitajika ni wenye desturi kukaa na kuiandika. Nadhani kazi hiyo ni ya wanafasihi na wanaisimu kuliko ya mkutubi peke yake, kwani ni sisi tunaodai kujua majina ya Waswahili hufanya kazi vipi.

Jina la kitabu lina mitego yake. Kiswahili hakina kibainishi mfano wa "the" ya Kiingereza au "al" ya Kiarabu, kwa hiyo mtu angetarajia kwamba majina ya vitabu vyetu yangepangika bila taabu. Itazameni Al-Inkishafi. Katika rekodi ya MARC kuna nafasi ndogo ya tarakimu moja inayoiambia kompyuta iruke herufi ngapi mwanzoni mwa jina. Ukiihesabu "Al-" kuwa kibainishi cha Kiarabu, utaandika 3, na utenzi utapangwa chini ya I. Ukisema kwamba jina hili lote limekuwa la Kiswahili, utaandika 0, nao utakaa chini ya A. Tarakimu hiyo moja ni hoja nzima juu ya uhusiano wa Kiswahili na Kiarabu, na huamuliwa na mtu mwenye rundo la vitabu sitini mezani. Kuna pia utendi na utenzi: shairi lile lile la Mwana Kupona huitwa Utendi katika chapa moja na Utenzi katika nyingine. Tofauti ya herufi moja haimsumbui msomaji anayeijua lahaja, lakini kompyuta huyahesabu majina hayo kuwa mawili mpaka mtu ayaunganishe.

Namba ya rafu ndiyo inayonishughulisha zaidi. Katika mpango wa Dewey, lugha zimepewa fungu la 400 na fasihi fungu la 800. Kiingereza kina 420 na 820. Kifaransa kina 440 na 840. Lugha nyingi za dunia zimesongamana katika 490 na 890, na Kiswahili kimepewa 496.392 kwa lugha na 896.392 kwa fasihi. Ushairi wa Kiswahili ni 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi 896.3923. Hapana dhuluma ya makusudi hapo. Dewey alipanga maktaba ya chuo cha Amherst katika jimbo la Massachusetts, na maktaba hiyo ilikuwa na vitabu ilivyokuwa navyo. Ila katika shule yenye mamia ya vitabu vya fasihi ya Kiswahili na rafu moja ya Shakespeare, lugha ya wasomaji inakaa nyuma ya nukta, na lebo haienei katika mgongo wa kitabu chembamba.

Kuna kanuni nyingine ya Dewey ambayo huwashangaza wanafunzi wangu kila ninapoitaja: tafsiri hufuata lugha ya asili ya kazi. Kwa hiyo Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere (1969) huenda 822.33 pamoja na Shakespeare. Omar Khayyam kwa Kiswahili ya Shaaban Robert (1952) huenda 891.55, katika fasihi ya Kiajemi, ambako katika shule nyingi itakuwa peke yake. Haki hutendeka upande wa pili: Kinjeketile ya Ebrahim Hussein (1969), aliyoitafsiri mwenyewe kwa Kiingereza, inabaki tamthilia ya Kiswahili hata katika vazi lake la Kiingereza. Kimantiki kanuni hii haina ila. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kuona jinsi mwandishi wetu alivyoyatia maneno ya Shakespeare katika mapigo ya Kiswahili hatakwenda kuyatafuta katika rafu ya Kiingereza, na mwalimu wa Kiingereza hana sababu ya kumwelekeza huko.

Dewey yenyewe inaruhusu dawa. Maktaba inayotaka kuitanguliza lugha yake inaweza kuitumia 410 na 810 kwa ajili hiyo, au kuweka herufi katikati ya tarakimu ili lugha hiyo itangulie nyingine. Mbona basi hatufanyi hivyo? Kwa sababu ya ile ile faida ya mwaka 1901. Shule ikibadili namba, kila rekodi ya Kiswahili inayopokelewa kutoka nje italazimika kusahihishwa kwa mkono, na mwalimu aliyepunguziwa mzigo anaurudisha kichwani. Kwa maoni yangu, programu za siku hizi zimeulainisha ugumu huu kwa kuwa namba ya rafu ya nakala huhifadhiwa pembeni ya rekodi. Rekodi yaweza kubaki na 896.3921 yake huku nakala ya shule ikibandikwa 810. Sharti ni moja: shule zikubaliane, kwani kila shule ikijitungia namba yake, mwanafunzi anayehama ataanza upya.

Nimeziacha mada mwisho kwa sababu ndipo sarufi yetu inapojitokeza waziwazi. Kanuni za Kiingereza husema kwamba kitu kinachohesabika kitajwe kwa wingi. Kwa Kiingereza jambo hilo halina madhara, kwa kuwa wingi huongezwa mkiani, na umoja na wingi hukaa jirani katika alfabeti. Sisi hubadilisha kichwa cha neno. Mtoto yuko chini ya M na watoto chini ya W. Kisima chini ya K, visima chini ya V. Jino chini ya J, meno chini ya M. Wimbo chini ya W na nyimbo chini ya N. Mwalimu mmoja akitumia umoja na mwenzake wingi, droo ya kadi inakatika vipande viwili visivyoonana.

Wengine watasema kompyuta imelimaliza tatizo hili, kwa kuwa siku hizi mtu huandika neno na mashine ikatafuta kila mahali. Sivyo. Programu nyingi humruhusu mtafutaji akate neno upande wa kulia tu: aandike mwanzo wa neno, mashine ikamilishe mwisho. Ufundi huo ulibuniwa kwa lugha zinazobadilika mwishoni. Anayeandika "mtot" atapata mtoto, na hatapata watoto kamwe. Anayetafuta shina la -toto hana mahali pa kuanzia. Wanaisimu wa kompyuta miongoni mwenu wanaweza kuandika kanuni ya kuvua viambishi awali kabla ya utafutaji. Hadi itakapowekwa ndani ya programu za shule, hatuna budi kuamua kwa mkono. Mimi naegemea umoja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu imekwisha mfundisha mwanafunzi kutafuta nomino kwa umoja tangu mwaka 1981, na sioni sababu ya katalogi kumfundisha tabia nyingine katika chumba hicho hicho.

Mtaniuliza kama kuna lugha iliyowahi kujitengenezea orodha yake ya mada. Zipo. Wakutubi wa Chuo Kikuu cha Laval, Quebec, walianza mwaka 1946 kuandaa kwa Kifaransa vichwa vya mada vilivyolingana na vile vya Washington, na mwaka 1980 orodha yao ikawa msingi wa ile ya Maktaba ya Taifa ya Ufaransa. Walichokifanya kwa busara ni kuvifunga pamoja: kila kichwa cha Kifaransa kilijulikana kinalingana na kipi cha Kiingereza. Kwa njia hiyo rekodi iliyopokelewa kutoka nje inaweza kuongezewa mada za lugha ya nyumbani bila kuandikwa upya. Shule ya msingi au ya sekondari haihitaji maelfu ya vichwa kama Laval. Orodha ya mia chache ingeitosha: wanyama, mimea, magonjwa, historia ya nchi, dini, methali, na tanzu za fasihi. Orodha kama hiyo ni kazi ya muhula mmoja kwa darasa la uzamili lenye mkutubi mmoja pembeni.

Wala si kazi rahisi kama inavyosikika. Chukueni utanzu tunaoufundisha kila mwaka katika idara hii. Washington huuita "Swahili poetry", na neno "Swahili" ni la lazima kwao kwa sababu wana ushairi wa lugha nyingi. Sisi katika maktaba ya shule tutauitaje? Tukisema ushairi, umekaa chini ya U. Tukisema mashairi, uko chini ya M. Tukisema shairi, kwa kufuata kanuni ya umoja niliyoipendekeza punde hivi, uko chini ya S, na papo hapo mtu wa Mvita atasimama aseme kwamba utenzi si shairi, nao una bahari yake, na atakuwa sahihi. Napendekeza majadiliano yaanze na neno hilo.